Kurudia darasa si matibabu: barua ya wazi kuhusu watoto wenye ulemavu wa kujifunza katika shule zetu za Marafiki

Bukavu

Kwa viongozi wa Kanisa la Marafiki (Quaker) katika Kivu Kusini, Kongo (DRC), kwa ofisi ya uratibu wa shule za Kiprotestanti, kwa wakaguzi wa elimu ya msingi, na kwa kamati za wazazi za shule zetu.

Baba zetu na mama zetu mnaotuongoza,

Nawasalimu kwa heshima katika jina la Bwana. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya Marafiki hapa Bukavu. Barua hii nimeiandika wazi, badala ya kuileta ofisini ndani ya bahasha, kwa sababu jambo lenyewe linagusa shule zaidi ya moja, na linawahusu wazazi wengi ambao hawana njia ya kufika mbele yenu. Ombi langu ni moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo: tuache kumrudisha darasa mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza kana kwamba mwaka wa pili wa somo lile lile, kwa njia ile ile, utampa kile ambacho mwaka wa kwanza haukumpa. Tubadilishe namna ya kumfundisha, na tuanze Septemba hii inayokuja.

Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda mwisho wa mwaka wa masomo. Walimu tunakaa na mkurugenzi, buletini, yaani ripoti za alama za watoto, zikiwa mezani, tunajumlisha asilimia, na mtoto asiyefika nusu tunamwandikia arudie. Kwa mtoto aliyekosa masomo kwa sababu ya ugonjwa, au kwa sababu familia yake ilikimbia, uamuzi huo una maana, kwa kuwa alichokipoteza ni muda, na muda ndio anaorudishiwa. Mwaka 2025 vita vilipofika hadi ndani ya mji wetu na shule zikafungwa, watoto wengi walirudi darasani wakiwa wamesahau hata yale waliyokuwa wameyashika vizuri. Wengi wao, walipofundishwa tena kwa utulivu, walikimbia wakawafikia wenzao. Lakini wako wengine ambao hawakukosa hata wiki moja, wanafika asubuhi kabla ya kengele, wanakaa mbele, wanasikiliza, na bado herufi hazikai. Hao ndio ninaoandika kwa ajili yao. Tunapowarudisha darasa tunawapa dawa ya ugonjwa ambao si wao, na baada ya mara mbili au tatu mtoto anakuwa mkubwa kuliko dawati lake, anaanza kuona haya mbele ya wadogo, na siku moja haji tena. Hakuna aliyemfukuza, na kwenye kitabu cha mahudhurio anaandikwa tu kwamba ameacha.

Ulemavu wa kujifunza haumaanishi upungufu wa akili. Ni tofauti katika namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha, maandishi au namba, na mara nyingi hurithiwa ndani ya familia. Unaogusa kusoma wataalamu huuita disleksia; unaogusa kuandika, disgrafia; unaogusa hesabu, diskalkulia. Makadirio yanayotumika sana yanasema kwamba disleksia peke yake huwapata kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100. Basi katika darasa la watoto 60, na tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019 wengi wetu tuna zaidi ya hao, mwalimu atarajie kuwa na watatu hadi sita. Wapo mbele yetu kila siku, na orodha ya wanaorudia darasa ndiyo mahali pekee ambapo shule inawaona.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwezi wa Novemba 1896 daktari mmoja Mwingereza, Pringle Morgan, alichapisha habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, mwerevu, mwepesi katika michezo, ambaye baada ya miaka ya kufundishwa kwa bidii alikuwa hawezi kusoma ila maneno mafupi kabisa, na alipoandika jina lake mwenyewe aliandika Precy. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Nimefundisha watoto wa Kadutu na wa Bagira, sehemu za mji wetu, ambao ningeweza kusema juu yao maneno hayo hayo, bila kuongeza wala kupunguza.

Mniruhusu nikae kidogo kwenye darasa lenyewe, maana maamuzi yenu yanaishia hapo.

Kiswahili kinatupa nafasi ambayo lugha nyingi za shule hazina. Karibu kila herufi ina sauti yake isiyobadilika, silabi nyingi zinaishia kwa irabu, na mtoto akishazishika ba, be, bi, bo, bu, njia ya kufika kwenye baba na bibi iko wazi. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia anayesoma Kiswahili anaweza kumdanganya mwalimu: hakosei sana, ila anakwenda polepole mno, silabi kwa silabi, na anapofika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Ukimwuliza amesoma nini, hajui. Mzigo wake mkubwa ni yale maneno yetu marefu. Chukua neno hawakutuambia. Mtu mzima analiona mara moja. Mtoto huyu anaona safu ya herufi isiyo na mahali pa kupumzikia. Mwalimu akilikata ubaoni, ha-wa-ku-tu-ambia, akaeleza kwamba ha inakanusha, wa ni wao, ku inaonyesha wakati uliopita, tu ni sisi, na ambia ndilo shina, mtoto anapata vipande ambavyo tayari anavitumia kila siku katika kuzungumza. Kazi hiyo haihitaji kifaa chochote, ila inahitaji mwalimu aliyeonyeshwa jinsi ya kuifanya na mwenye dakika za kuifanya na watoto wachache. Vivyo hivyo ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, mb, nd, nj: kila moja ifundishwe kwa zamu yake, kwa sikio kwanza, kisha kwa mkono, kisha kwa jicho.

Hapo hapo lazima tujihadhari tusimwite mlemavu mtoto ambaye si mlemavu. Mtoto aliyekua na lugha ya Mashi nyumbani akiandika kura mahali pa kula, au akiacha h mwanzoni mwa neno kwa sababu watu wa mtaani kwake hawaitamki, anaandika kile anachokisikia, na mazoezi machache yanamtosha. Asiyeona ubao vizuri anahitaji miwani au kusogezwa mbele. Anayeugua masikio mara kwa mara anahitaji kituo cha afya. Aliyekuja bila kula anahitaji chakula. Kwanza tuyaondoe hayo yote. Kisha tumfundishe mtoto vizuri kwa wiki kadhaa katika kikundi kidogo, na yule atakayebaki nyuma hata baada ya kufundishwa vizuri ndiye tutakayemtafutia msaada wa kudumu. Njia hii inafanya kazi hata mahali ambapo hakuna mwanasaikolojia wala vipimo vya bei kubwa, yaani kwetu.

Kisha kinakuja Kifaransa. Sauti moja ya o inaandikwa o, au, eau. Katika ils parlent herufi tatu za mwisho hazisomwi kabisa. Mtoto ambaye Kiswahili chake cha maandishi kilikuwa kinakwenda kwa kujikokota anaanguka hapa, na anaanguka katika masomo yote kwa pamoja, kwa sababu hata sayansi na historia zinamfikia kwa maandishi ya Kifaransa. Sisemi Kifaransa kiondolewe. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi unafanywa kwa Kifaransa, na mzazi yeyote wa Bukavu anajua mtoto asiyekijua atafika wapi. Nasema kwamba sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi darasani, na kwamba shule zinazoruka hatua ya Kiswahili ili zionekane za maana mbele ya wazazi zinawaumiza watoto hawa kuliko wengine wote. Mtoto ajifunze kwanza kusoma katika lugha anayoisikia. Akishajua kwamba herufi zinabeba sauti, Kifaransa kitakuwa kigumu, ila kitakuwa ugumu wa aina moja tu.

Darasani kwangu yuko mtoto ambaye jina lake nitalihifadhi. Mama yake anauza sambaza karibu na soko la Kadutu, na jioni mtoto anamsaidia. Mteja akitoa noti ya franka 5,000 kwa samaki wa 3,500, mtoto anamrudishia 1,500 kabla mama hajafungua mfuko wake. Mistari ya Biblia aliyosomewa Jumapili anaitaja Jumatatu bila kukosa. Ukimwekea mbele yake ukurasa wenye picha na mistari minne, anatazama picha, anatunga hadithi nzuri kabisa kwa maneno yake mwenyewe, kidole kikitembea chini ya mistari kama msomaji mzoefu. Ukifunika picha kwa kiganja, sauti inakoma. Huu ni mwaka wake wa tatu katika darasa hilo moja, na mdogo wake ameshamfikia.

Nilianza naye upya kwenye sinia lenye mchanga mkavu. Kidole chake kinachora b, mdomo unatoa sauti, macho yanatazama. Herufi moja tu, siku baada ya siku, kisha silabi zake, kisha maneno mawili yanayoundwa na silabi hizo. Herufi d sikuigusa hadi b ilipokaa imara, kwa kuwa kumfundisha mtoto huyu herufi mbili zinazofanana kwa pamoja ni kumpotezea zote mbili. Katika hesabu tulihesabu vifuniko vya chupa, kisha tukachora vifuniko, na namba zikaja mwisho. Leo anasoma maneno mafupi hata picha ikifunikwa. Bado yuko mbali na wenzake, na sitaki kuwaahidi kwamba atawafikia mwaka huu. Lakini kazi hiyo niliifanya wakati wa mapumziko na baada ya kengele ya mwisho, kwenye kona ya uwanja, kwa sababu chumba chetu mchana kinachukuliwa na kundi la pili. Na kwa asilimia alizonazo sasa, kanuni zetu zinanitaka nimwandikie arudie tena.

Ndugu zangu viongozi, najua kwamba shule nyingine yoyote ingeweza kujibu kwamba kanuni ni kanuni. Shule ya Marafiki inajibu kwa msingi mwingine. Mwaka 1656, akiwa gerezani Launceston, George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, aliwaandikia wahubiri wenzake waenende duniani kwa furaha, wakikiitikia kile cha Mungu kilicho ndani ya kila mtu. Maneno hayo tunayafundisha kwa wakatekumeni na tunayarudia katika semina za amani, ambamo kanisa letu limefanya kazi kubwa ya kuwaketisha pamoja watu waliotendeana mabaya. Naomba yaingie pia kwenye kikao cha mwisho wa mwaka, pale buletini ya mtoto wa miaka tisa inapowekwa mezani. Marafiki waliofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na wale waliofika Kibimba, Burundi, mwaka 1934, ambao kwa njia yao mafundisho haya yalituvukia hadi huku, hawakulitenga kanisa na shule. Usawa waliouhubiri ndani ya kanisa walitaka uonekane kwenye benchi la shule.

Na Marafiki wenzetu mahali pengine wameliona jambo hili waziwazi. Karibu na Philadelphia, Marekani, Stratford Friends School ilianzishwa mwaka 1976, na Delaware Valley Friends School mwaka 1986, zote mbili kwa ajili ya watoto wenye akili nzuri ambao kusoma na kuandika kuliwashinda kwa njia za kawaida. Madarasa yao ni madogo, walimu wao wamepata mafunzo maalumu, na karo zao mzazi wa Bukavu hawezi hata kuziota. Siwaombi mtujengee shule kama hizo. Nawaelekeza kwenye kile kinachoweza kusafiri bila fedha, yaani njia yao ya kufundisha, ambayo misingi yake iliwekwa Marekani katika miaka ya 1920 na 1930 na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham: sauti kwanza, hatua ndogo zilizopangwa kwa utaratibu, kila hatua ikirudiwa mpaka ikae, na jicho, sikio, mdomo na mkono vikifanya kazi kwa pamoja. Mchanga tunao. Kadi tunazikata kwenye maboksi ya dukani. Sauti ni ya mwalimu.

Kitu kingine tunacho tayari, na sidhani kama tumewahi kukitumia vya kutosha. Ibada zetu huku zina kwaya, zina mahubiri na wachungaji, tofauti na zile za Marafiki wa kwanza wa Uingereza. Hata hivyo kile kipindi cha kukaa kimya mbele za Mungu, tukisubiri mtu asukumwe kusema, hatujakiacha. Darasani tunakisahau. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao mwalimu humsubiri mwanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba mara nyingi haufiki hata sekunde moja na nusu. Walimu waliofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliodhaniwa dhaifu walianza kujibu. Kwa mtoto anayehitaji muda wa kupanga sauti kichwani, sekunde hizo ndizo somo lenyewe. Mwalimu wa Marafiki anayejua kunyamaza kanisani na ajue kunyamaza mbele ya ubao, na awazuie wenzake mtoto huyo wasimchekelee wala kumjibia.

Sasa nataja jambo ambalo ni chungu. Siku ya kutangaza matokeo, wazazi wakiwa wamejaa uwanjani, majina yanasomwa kwa mpangilio wa asilimia, kutoka wa kwanza kwenda chini, na katika shule nyingi wanaoshindwa nao wanasomwa kwa sauti. Kwa mtoto wa kwanza ni furaha, na sina neno juu ya furaha hiyo. Lakini simameni karibu na mtoto anayejua kwamba jina lake litakuja mwisho. Huvuta shati la mama yake tangu majina ya kumi na tano, akiomba waondoke. Wengine hawaji kabisa siku hiyo, na sare mpya iliyoshonwa kwa ajili ya sherehe inabaki nyumbani. Hakuna sheria ninayoijua inayoilazimisha shule kuyasoma majina ya walioshindwa mbele ya kila mtu. Mzazi anaweza kupewa buletini mkononi, aketi na mwalimu, aambiwe kwa maneno ya kueleweka kile mtoto anachokiweza, kile kinachomshinda, na kitakachofanyika.

Mazungumzo hayo yana uzito kuliko tunavyofikiri, kwa sababu mzazi asipopata maelezo shuleni huyapata mahali pengine. Huambiwa mtoto ni mvivu, na fimbo inafanya kazi nyumbani. Au anaambiwa mtoto amefungwa, amerogwa, ana roho ya ukoo, na anapelekwa kwenye chumba cha maombi afunge siku ambazo mwili wake hauwezi kuzibeba. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumshtaki mtoto kwa uchawi, lakini mzazi anayeogopa hatafuti kitabu cha sheria. Anamtafuta mchungaji. Kwa hiyo nawaomba ninyi wachungaji, mseme kwenye mimbari, kwa majina ya kawaida, kwamba mtoto ambaye herufi zinamshinda hana pepo na hana laana. Kwamba kuombewa ni haki yake kama mtoto mwingine yeyote, lakini dawa yake iko kwenye mafundisho ya subira. Neno hilo likitoka kwenu, mama aliyelala bila usingizi atalipokea kuliko likitoka kwangu.

Kuhusu sheria nyingine sitarefusha. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, ambao kifungu chake cha 24 kinazitaka shule zifanye marekebisho yanayomfaa mwanafunzi. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitungwa sheria ya kulinda na kuendeleza haki za mtu mwenye ulemavu. Tangu makubaliano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, shule zetu zina wakubwa wawili: serikali inayoweka programu ya masomo, ukaguzi na mishahara, na kanisa linalosimamia. Mara nyingi mmoja husema jambo hili ni la mwenzake. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu wote kwa pamoja.

Kwa kanisa ninaomba jengo. Makanisa yetu yako karibu na shule, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi, mengi yana mabenchi matupu. Kila shule ipewe kona moja ya kanisa, saa moja kila siku ya masomo, ambapo watoto wanne hadi sita kutoka madarasa mbalimbali watakaa na mwalimu mmoja. Mwalimu huyo atoke miongoni mwetu, yule mwenye subira hata kama si mwenye cheo, na achukuliwe kwenye mafunzo wakati wa likizo. Najua nani atabaki na darasa lake saa hiyo ni swali gumu, hasa kwa kuwa wengi wetu bado hatujaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali na tunaishi kwa michango ambayo wazazi wenyewe wanaitafuta kwa shida. Pendekezo langu ni wanafunzi wa ualimu. Wanapokuja kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha, wapangwe kwa utaratibu ili darasa lisiachwe peke yake, nao wapitie pia kwenye kikundi kidogo na kuiona kazi hiyo kwa macho. Mimi mwenyewe katika masomo yangu ya ualimu sikufundishwa neno lolote kuhusu disleksia, na wanaohitimu leo ninaokutana nao wananiambia hivyo hivyo. Taasisi za ualimu za mji huu zina wataalamu wa saikolojia ya elimu wanaoweza kutuandalia mafunzo ya wiki mbili, kama kanisa likiwaomba rasmi.

Kwa wakaguzi ninaomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wenu. Mwalimu aruhusiwe kumpima kwa mdomo, katika masomo yasiyo ya kusoma, mtoto aliyethibitika kuwa na ulemavu huu, na alama hizo zikubaliwe kwenye buletini. Kosa la tahajia lisiondoe alama katika jiografia. Mtoto huyo apandishwe pamoja na wenzake wa umri wake, akiendelea na kikundi kidogo, hata kama asilimia za kusoma hazijafika nusu. Na anapofika mtihani wa taifa wa darasa la sita, aongezewe muda, na awepo mtu wa kumsomea maswali pale ambapo kinachopimwa si kusoma. Hili la mwisho najua linahitaji idhini kutoka juu yenu. Naomba muipeleke sauti hiyo, kwa maandishi, mapema kabla orodha za watahiniwa hazijafungwa.

Kwa kamati za wazazi ninaomba msituhesabie shule bora kwa idadi ya asilimia za juu peke yake. Shinikizo hilo ndilo linalowafanya wakurugenzi wengine wamshauri mzazi, kwa upole, amhamishie mtoto wake shule nyingine kabla ya darasa la sita, ili asiichafue orodha ya shule. Niliyaona hayo katika shule moja niliyowahi kufanya kazi. Mzazi alikubali kwa kunyamaza, akiamini kwamba huo ni msaada.

Mwisho wa mwaka wa masomo, tarehe 2 Julai, hauko mbali, na vikao vya kuamua nani anapanda na nani anarudia vitatangulia siku kadhaa kabla yake. Naomba kikao kimoja cha pamoja kabla ya hapo, kanisani au shuleni, saa yoyote mtakayoipanga baada ya masomo. Nitakuja na madaftari ya watoto hawa, ya mwanzo wa mwaka na ya sasa, yakiwa na majina yaliyofunikwa, myalinganishe wenyewe. Nitakuja na lile sinia la mchanga pia, na yeyote kati yenu atakayependa ataonyeshwa jinsi linavyotumika. Kama kwa mwaka huu mtakubali jambo moja tu, liwe hili: mtoto ambaye ameshalirudia darasa mara moja asirudishwe tena kabla hajafundishwa kwa njia nyingine.

Nasubiri jibu lenu kupitia mkurugenzi wa shule.

Kwa heshima na upendo wa Marafiki,

Mwalimu wa darasa la pili,
shule ya msingi ya Marafiki, Bukavu